Kifundo cha Mguu cha Grant Hill

Kuna neno moja ambalo waandishi na watangazaji wa michezo hulitumia bila kulipima, nalo ni neno "kurudi." Mchezaji nyota akiumia, swali la kwanza huwa ni lini atarudi, akiingia tena uwanjani husemwa kwamba amerudi, akicheza chini ya kiwango alichozoeleka, husemwa kwamba bado hajarudi. Katika masimulizi hayo mchezaji ni kama msafiri aliyepatwa na mkasa njiani, na kazi yake sasa ni kuitafuta njia ile ile mpaka afike kwenye mlango ule ule alikotokea. Mimi nina shaka kubwa na masimulizi ya namna hiyo. Nitaieleza shaka yangu kwa kumtazama mtu mmoja ambaye maisha yake katika mpira wa kikapu nimeyafuatilia kwa miaka mingi, Grant Hill. Sijapata kumwona kwa macho. Nimemfahamu kwa kanda za video zilizokwisha kuchoka kwa kuazimwa, kwa televisheni ya usiku wa manane na kwa magazeti, kama wengi wetu tulivyowafahamu wachezaji wa Marekani.

Labda wako wasomaji ambao hawakumwona katika ubora wake, hivyo nieleze kidogo. Alizaliwa mwaka 1972, mtoto wa Calvin Hill aliyekuwa mchezaji mashuhuri wa futiboli ya Kimarekani katika timu ya Dallas Cowboys. Alisoma Chuo Kikuu cha Duke na akatwaa huko ubingwa wa vyuo mara mbili, mwaka 1991 na 1992. Mwaka 1994 timu ya Detroit Pistons ilimchagua akiwa wa tatu katika orodha ya chipukizi, na mwaka uliofuata aligawana na Jason Kidd tuzo ya chipukizi bora. Lakini jambo lililowashangaza watu lilitokea kabla hata ya tuzo hiyo: mashabiki walipopiga kura kuchagua timu za mchezo wa nyota, kijana huyu ambaye hajamaliza hata msimu mmoja alipata kura nyingi kuliko mchezaji yeyote wa ligi nzima. Ikumbukwe kwamba wakati kura zile zinapigwa Michael Jordan alikuwa ameachana na kikapu na kwenda kujaribu besiboli. Kiti kilikuwa wazi, na wenye biashara ya mchezo ule hawapendi kiti kikae wazi. Hill alikuwa mpole, msemaji mzuri, mtoto wa watu waliosoma, ajuaye hata kupiga piano. Wakamkalisha.

Uzuri wake ulikuwa wa namna gani? Alikuwa na urefu wa sentimita 203, lakini aliudunda mpira kama watu wafupi. Kwa kawaida mtu wa kimo kile husubiri karibu na goli aletewe mpira. Hill aliudaka ubaoni kwake, akaupeleka mwenyewe mpaka upande wa pili, akaamua huko huko kama atafunga au atampa mwenzake. Silaha yake ilikuwa hatua ya kwanza. Aliinama kidogo, akausukuma mpira kutoka mkono mmoja kwenda wa pili, na mlinzi alipokuja kutanabahi bega la Hill lilikuwa limekwisha kumpita. Msimu wa 1996-97 wastani wake kwa kila mchezo ulikuwa pointi 21.4, mipira 9 aliyodaka ubaoni na pasi 7.3 za kufungisha. Katika misimu yake sita ya Detroit alikusanya pointi 9,393, mipira ya ubaoni 3,417 na pasi za kufungisha 2,720. Kabla yake, waliowahi kufikia kiasi hicho katika mambo yote matatu ndani ya misimu sita ya kwanza walikuwa wawili tu, Oscar Robertson na Larry Bird. Kuna jambo moja, hata hivyo, ambalo wanaomsifu hulipita haraka: katika miaka yote ile sita Detroit haikushinda hata raundi moja ya mtoano. Naomba msomaji alikumbuke jambo hilo, maana nitalirudia.

Naomba pia aukumbuke mguu wa kushoto. Mtu anayefunga kwa mkono wa kulia akiwa mbioni huruka kwa mguu wa kushoto. Kila mara Hill alipompita mlinzi na kupaa kuelekea kwenye chuma, mwili mzima wa mtu mwenye kilo zaidi ya mia ulikuwa umebebwa kwa nukta moja na kifundo kimoja, kisha ukashuka. Sisi watazamaji tulitazama mkono na mpira. Hakuna aliyetazama kifundo.

Tarehe 15 Aprili 2000, siku saba kabla ya mtoano kuanza, Hill aliumia kifundo hicho cha kushoto katika mchezo dhidi ya Philadelphia. Ikasemwa kwamba ameteguka. Akaendelea kucheza. Mtoano ukaanza dhidi ya Miami, akaingia na mguu ule ule, na katika mchezo wa pili ikambidi atoke kwa kuwa mguu ulikuwa haukanyagiki tena. Miami ikaitoa Detroit kwa michezo mitatu bila jibu. Mwishowe ilionekana kwamba mfupa ulikuwa umevunjika, akafanyiwa upasuaji. Lugha yetu inatofautisha vizuri kati ya kuteguka na kuvunjika. Aliyeteguka huchuliwa, huambiwa avumilie, na jirani humcheka akichechemea. Aliyevunjika hufungwa gango na kila mtu humwachia kiti. Kati ya maneno hayo mawili, katika majuma yale machache ya Aprili, ndipo ilipoanza kupotea miaka bora ya mchezaji yule.

Kwa nini alicheza? Mkataba wake na Detroit ulikuwa unamalizika, na ilijulikana kwamba msimu ukiisha atakuwa huru kwenda atakako. Mtu wa namna hiyo akikaa benchi, si vigumu kukisia kitakachosemwa: kwamba anaitunza miguu yake kwa ajili ya mwajiri mpya. Hill hakuwa mtu wa kutaka kusemwa hivyo. Nimewahi kusikia watu wakiita jambo hili ushujaa, na sitawabishia kwamba linahitaji moyo. Ila mimi naona ndani yake pia adabu iliyopita kiasi, ile ya mgeni anayekula chakula kilichochacha ili asimuudhi mwenyeji. Mchezaji mkorofi zaidi, mwenye kujali kidogo zaidi heshima yake kwa watu, angekaa chini siku ile na pengine tungekuwa na hadithi nyingine kabisa.

Jambo hili halikuanzia Marekani wala halikuishia huko. Nilipokuwa shule ya sekondari tulicheza kikapu kwenye sakafu ya saruji iliyopasuka, na chuma cha goli kisicho na wavu. Tulikuwa na mwenzetu mrefu kuliko sote. Siku ya mchezo na shule jirani alikanyaga ufa, kifundo kikavimba kama embe. Mwalimu wa michezo aliagiza yaletwe maji ya moto na chumvi, kifundo kikakandwa, kikafungwa kitambaa, na kipindi cha pili yule kijana akarudishwa ndani kwa maneno ambayo kila mvulana wa kizazi changu anayajua kwa moyo: mwanaume halalamiki. Tulishinda. Alibebwa mabegani, na nadhani hata yeye alifurahi. Mpaka leo, mtu mzima mwenye wajukuu, hushuka ngazi akitanguliza mguu mmoja na kuuvuta wa pili, na akiulizwa husema ni mpira. Hamtaji mwalimu. Waliokuwa wakipiga makofi siku ile hawakuombwa kuchangia chochote katika kushuka kwake ngazi.

Agosti 2000 Hill alihamia Orlando Magic kwa mkataba wa miaka saba uliokaribia dola milioni 93, na katika mabadilishano hayo Detroit ikapewa wachezaji wawili, Chucky Atkins na Ben Wallace. Orlando ilimchukua pia kijana Tracy McGrady, na wengi waliamini ubingwa uko njiani. Msimu wa kwanza Hill alicheza michezo 4. Wa pili, michezo 14. Wa tatu, 29. Wa nne hakucheza hata mmoja. Kwa hesabu nyepesi hiyo ni michezo 47 kati ya 328 ya msimu wa kawaida katika miaka minne. Wakati huo huo Ben Wallace, mtu ambaye hakuna aliyemchagua alipotoka chuoni, alikuwa amegeuka ukuta wa Detroit, na mwaka 2004 timu aliyoiacha Hill ikawa bingwa wa ligi. Kejeli zilizomfikia Hill kwa sababu hiyo hazihitaji kuelezwa. Mwenye kuwahi kuugua akiwa mwajiriwa anazijua. Kila baada ya upasuaji alisemekana amepona, kila alipoingia uwanjani alisemekana amerudi, na kila mara mahali pale pale palikataa.

Mwishowe madaktari waliona kwamba kisigino na kifundo havikukaa katika mstari mmoja, kwa hiyo kila hatua aliyopiga ililemea sehemu ile ile iliyokwisha kuvunjika. Machi 2003 mfupa ulivunjwa tena, safari hii kwa makusudi, ili upangwe upya. Siku tano baadaye homa ikapanda kupita nyuzi 40, mwili ukashikwa na mitukutiko, akakimbizwa hospitali. Kwenye kidonda cha upasuaji walikuwa wameingia bakteria sugu, wa aina isiyosikia dawa za kawaida, na ambayo huua. Ngozi ilichukuliwa kwenye mkono wake wa kushoto ikapandikizwa mguuni kuziba jeraha, na kwa miezi sita alipewa dawa kwa njia ya mshipa. Natafakari mara nyingi juu ya miezi hiyo. Tulizoea kuuliza atarudi lini, na yeye alikuwa kitandani ambako neno hilo halikuwa na maana yoyote. Mtu aliyekuwa akipaa sasa alikuwa na kazi ya kuponya ngozi.

Hapa niwataje wengine wawili, kwa kuwa kisa cha Hill peke yake kinaweza kuonekana kama bahati mbaya ya mtu mmoja.

Wa kwanza ni Bill Walton. Mwaka 1977 aliipa Portland ubingwa, na mwaka 1978 akachaguliwa mchezaji bora wa ligi. Katika mtoano wa mwaka huo huo mguu wake wa kushoto uliuma, akachomwa sindano ya kuua maumivu, akacheza. Kisha picha ya eksirei ikaonyesha mfupa wa mguu umevunjika. Walton hakuwa na adabu ya Hill. Alikasirika waziwazi, akaulaumu utabibu wa timu yake, akagoma kuichezea msimu mzima, akahama. Lakini hasira nayo haikuunga mfupa. Ilikuwa mpaka msimu wa 1985-86, akiwa Boston, ndipo alipoweza kucheza michezo 80, akitokea benchi nyuma ya wachezaji wengine, na akapata ubingwa wa pili pamoja na tuzo ya mchezaji bora wa akiba. Alifariki mwaka 2024.

Wa pili ni Derrick Rose, na yeye ndiye aliyenifanya niandike haya. Rose alikuwa kijana wa Chicago anayeichezea timu ya mji wake, na mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 22, alikuwa mdogo kuliko wote waliowahi kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi. Tarehe 28 Aprili 2012, tena Aprili, tena dhidi ya Philadelphia, aliumia goti la kushoto. Zilikuwa zimebaki dakika moja na sekunde 22 na Chicago ilikuwa mbele kwa pointi 12. (Kwa nini alikuwa bado uwanjani? Swali hilo limeulizwa mara nyingi na sina la kuongeza.) Kano ya katikati ya goti ilikatika. Akafanyiwa upasuaji, na msimu uliofuata hakucheza. Ilipofika Machi 2013 habari zikaenea kwamba madaktari wamekwisha kumruhusu. Yeye akasema hajawa tayari. Wenzake walicheza mtoano wakiwa na homa, na maumivu ya unyayo, na vifundo vibovu. Rose alikaa benchi amevaa suti. Maneno aliyorushiwa majira yale yalikuwa mazito: mwoga, mbinafsi, anayekula mshahara wa bure.

Sasa angalia kalenda. Tarehe 1 Juni 2013, siku chache tu baada ya kelele hizo dhidi ya Rose, Grant Hill alitangaza kustaafu, akiwa na miaka 40. Sifa zikamiminika, na alizistahili. Alisifiwa uvumilivu, uungwana na moyo wa kutokata tamaa. Vinywa vile vile vilivyomsifu mzee kwa kuvumilia matokeo ya kucheza akiwa mgonjwa vilikuwa bado na povu la kumtukana kijana aliyekataa kucheza kabla hajajiamini. Sikumwona mtu aliyeziweka habari hizo mbili kwenye ukurasa mmoja. Kama zingewekwa pamoja, ingeonekana wazi kwamba mshangiliaji anataka kuonyeshwa mateso, na afya ya mchezaji inamgusa kidogo. Hill aliumia kwa namna iliyompendeza mtazamaji, na Rose akapona kwa namna iliyomchukiza.

Mwaka 2014 Rose aliwaambia waandishi kwamba hufikiria mbele, siku atakapohudhuria mahafali ya mtoto wake, na kwamba hataki siku hiyo awe na maumivu mwili mzima kwa sababu ya mambo aliyoyafanya zamani. Alichekwa. Mimi niliposoma nilimkumbuka yule mwenzetu wa kwenye ngazi, na sikuona cha kuchekesha. Lazima niseme kweli kwamba kusubiri hakukumwokoa Rose: Novemba 2013, mara tu alipoanza tena, gegedu la goti la kulia lilichanika, na msimu ule nao ukaisha baada ya michezo 10. Wapo waliolichukua hilo kuwa ushahidi kwamba alisubiri bure. Siioni mantiki yake. Goti lililoumia ni jingine. Lile alilolisubiri halikumwangusha siku ile.

Tuache magoti tumrudie Hill, maana sehemu bora ya kisa chake bado. Msimu wa 2004-05 alicheza michezo 67 kwa Orlando na wastani wake ukawa pointi 19.7. Mashabiki walimpigia kura tena akaanza katika mchezo wa nyota. Huo ndio mwaka ambao waandishi waliusubiri, na wote wakaandika neno lao: amerudi. Nilifurahi pamoja nao, lakini nilipomtazama vizuri nilimwona mtu anayejaribu kuvaa suti ya harusi yake. Bado alitaka mpira uanzie mikononi mwake, bado aliitafuta ile hatua ya kwanza, na mara nyingine aliipata, na uliposikia uwanja unashangilia ulijua wanashangilia kumbukumbu. Msimu uliofuata misuli ya kinena ilimsumbua, akacheza michezo 21. Alipomaliza mkataba wake wa miaka saba alikuwa ameichezea Orlando michezo 200 kamili.

Mwaka 2007 alikwenda Phoenix Suns kwa mshahara ambao ukilinganishwa na ule wa Orlando ulikuwa wa posho. Alikuwa karibu kufikia miaka 35. Nani alitazamia chochote? Wataalamu wa viungo wa timu ile walikuwa na sifa ya kuutazama mwili wote, jinsi mtu anavyosimama, nyonga inavyogeuka na uzito unavyogawanyika, bila kuishia pale panapouma. Fundi baiskeli mzuri hufanya hivyo hivyo: gurudumu likipata pancha kila wiki mahali pamoja, huangalia ringi kabla ya kulaumu mpira. Na uwanjani kulikuwa na Steve Nash, mgawaji mipira asiye na kifani, maana yake Hill hakuhitajika tena kuuleta mpira. Hata kocha wake wa huko kuanzia mwaka 2009, Alvin Gentry, alikuwa amemfundisha Detroit, kwa hiyo aliwajua wote wawili, yule wa zamani na huyu.

Huyu wa sasa alikimbilia pembeni, akasimama, akangoja. Mitupo ya mbali, ambayo Detroit aliigusa kwa nadra, aliijifunza upya hata msimu wa 2009-10 akaifunga kwa asilimia 43.8. Pointi zake zilikuwa kati ya 10 na 13 kwa mchezo, kiasi cha mchezaji wa kawaida mwenye manufaa. Na akaomba kazi ambayo nyota aghalabu huikwepa: alipangwa kumlinda mfungaji hatari wa timu pinzani, usiku baada ya usiku, watu waliokuwa wachanga kwake kwa miaka kumi na zaidi. Msimu wa 2008-09 alicheza michezo yote 82. Hajawahi kufanya hivyo maishani mwake, hata alipokuwa kijana mzima wa Detroit. Misimu miwili iliyofuata alicheza 81 na 80. Kwa jumla Phoenix ilimpata kwa michezo 362 katika misimu mitano.

Nilipotazama mtoano wa 2010 niliiona maana ya yote hayo. Phoenix ilikutana na Portland. Mchezo wa kwanza Andre Miller wa Portland alifunga pointi 31 na Phoenix ikapoteza nyumbani. Mchezo wa pili, Miller akakabidhiwa Hill. Mwanamume wa miaka 37, na mguu wenye kovu la ngozi ya mkono, akamfuata mtu yule kama deni. Miller akazimika, Phoenix ikashinda 119 kwa 90. Siku chache baadaye Portland ilikuwa imetolewa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ligi Grant Hill alikuwa ameshinda raundi ya mtoano. Yule wa pointi 25.8 kwa mchezo hakuwahi kulipata jambo hilo. Huyu wa pointi 11 alilipata, kisha akaongeza jingine, kwani Phoenix iliwafagia San Antonio kwa michezo minne bila jibu kabla ya kusimamishwa na Los Angeles Lakers katika fainali ya Magharibi.

Hapo ndipo ugomvi wangu na neno "kurudi" unapokaa. Hill wa mwaka 2005 alirudi, na marejeo yake yalidumu msimu mmoja. Hill wa Phoenix hakurudi popote. Aliuchukua mwili aliobaki nao, wenye hatua ya kwanza iliyopungua na jicho lililozidi kuona, akautafutia kazi unayoiweza. Mchezo wenyewe ungeweza kutufundisha tofauti hiyo: mpira ukigonga chuma haurudi mkononi mwa aliyeutupa, na anayeukimbilia pale aliposimama kwanza huukosa. Walton alilijua hilo alipokubali kukaa benchi Boston. Rose naye alilijua baadaye. Oktoba 31, 2018, akiwa Minnesota, alipofunga pointi 50 dhidi ya Utah na kulia machozi mbele ya wenzake, magazeti yaliandika tena kwamba amerudi, ingawa aliyecheza usiku ule alikuwa na mtupo wa mbali ambao yule wa 2011 hakuwa nao, na michezo mingi ya msimu ule aliianzia benchi.

Kuna aina ya pili ya maandishi juu ya Hill ambayo hunichosha zaidi ya hiyo ya kwanza, nayo ni ya "ingekuwaje." Ingekuwaje asingeumia? Angefikisha pointi ngapi, angetwaa mataji mangapi, angewekwa karibu na nani? Waandishi wa aina hii huchukua misimu sita ya Detroit, wakaizidisha mara mbili au tatu, wakapata mtu mkubwa sana ambaye hajawahi kuzaliwa, kisha wakamwombolezea. Aliyeishi wanampita. Mwaka 2018 Hill alipoingizwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa mpira wa kikapu, baadhi ya waliompongeza walizungumza kama watu waliokwenda msibani. Mwenyewe alikuwa amesimama pale, kwa miguu yote miwili.

Msimu wake wa mwisho aliuchezea Los Angeles Clippers, 2012-13. Alikosa michezo mingi ya mwanzo, akaingia uwanjani Januari, akamaliza na michezo 29. Kilichomweka nje safari hii lilikuwa goti la mguu wa kulia. Kifundo cha kushoto hakikutajwa.